Toyota IST old model: gari, gereji na ile kamba ya kusimamisha kiwanda

Wakuu habari. Watu wananiuliza sana kuhusu IST, ninunue nisinunue, old model au new model, cc 1300 au 1500, nikaona bora niandike yote sehemu moja. Yangu ni old model ya 2004, cc 1300, chesesi inaanza na NCP60, mtumba wa Japani kama zetu zote. Nimekaa nayo kwenye foleni za Ubungo na Mwenge, nimepanda nayo mlima Kitonga kwenda Iringa, nimeiingiza kwenye barabara za vumbi ambako watu huwa wanaenda na gari za juu. Na nimeihudumia kwenye gereji mbili tofauti, hapo ndo maelezo yatakuwa marefu kidogo, maana kwa ninavyoona mimi uimara wa hii gari unaanzia kwa watu, jinsi walivyokuwa wanaruhusiwa kufanya kazi huko ilikotengenezwa, na kufa kwake pia kunaanzia kwa watu, huku kwetu.

Gari kwanza.

Injini ya 1300 ni 2NZ, ya 1500 ni 1NZ, hizo ni ndugu, na hiyo 1NZ ndo hiyohiyo utaikuta kwenye Probox, Fielder, Premio na Allion za 1500, kwa hiyo spea zimejaa, ukienda Kariakoo au Ilala unachagua mwenyewe kuanzia oji ya kwenye boksi, mtumba uliotolewa kwenye gari lingine, mpaka feki inayong'aa kuliko oji. Inatumia cheni, haina mkanda wa taimingi, kwa hiyo ile presha ya mkanda kukukatikia Chalinze usiku huna. Gia boksi ya old model ni otomatiki ya gia nne ya kawaida kabisa, iwekee ATF (oili ya gia boksi) inayotakiwa, ibadilishe kwa wakati, basi mmemalizana. New model, ile iliyoanza 2007 ikatengenezwa mpaka 2016, nyingi zake zinatumia CVT, yaani gia boksi isiyo na gia za hatua, barabarani imetulia zaidi na mafuta inajitahidi, ila CVT inataka oili yake na fundi anayeijua, na watu wengi wanaumia hapo, unakuta mtu kawekewa oili isiyo yake na fundi ambaye hakuwa anajua na akaona aibu kuuliza, miezi inapita gia boksi inaanza kutetemeka ukiondoka kwenye taa, kisha lawama zote anabebeshwa Mjapani.

Mafuta: kwenye foleni ya Dar na AC ikiwaka inapanda, hilo usidanganywe na mtu, lakini bado ni kati ya gari rahisi sana kuilisha, ndo maana madereva wa teksi za mtandao kama Bolt wameijaza mjini. Safari ndefu ndo 1300 inaonyesha udogo wake. Mkiwa watu watano na mabegi, Kitonga mtapanda polepole nyuma ya malori na itabidi uzime AC ili ipate pumzi. Kama unasafiri mikoani mara kwa mara chukua 1500, usijishauri sana. Buti ni dogo. Chini imekaa fupi, matuta ya mitaani unayapanda kwa adabu. Shokapu za mbele, bushi na bolijointi ndo ugonjwa wake mkubwa huku kwetu, utazisikia zinagonga tu, na barabara zetu zinahusika kwa sehemu kubwa. Ila kitu kinachonishangaza mpaka leo ni vitu vidogo. Gari ina miaka zaidi ya 20 tangu itoke kiwandani, vioo vyote vinne vinapanda na kushuka kwa swichi yake ya mwanzo, mlango wa dereva ambao umefunguliwa na kufungwa mara maelfu kwa maelfu bado unafunga kwa kuusukuma kidogo tu, hakuna bolti ya bodi ambayo nimewahi kuikuta imepinda uzi wake kwa sababu ilifungwa vibaya kiwandani. Mtu aliyefunga ule mlango hakuwa ananijua na hatanijua, lakini aliufunga sawasawa.

Sasa kwa nini aliufunga sawasawa? Watu wanajibu haraka, aah Wajapani ndo walivyo. Mimi hilo jibu silikubali na nitaeleza.

Toyota asili yake ni vitambaa. Mzee Sakichi Toyoda alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufuma, na mashine yake ya 1924 iliyoitwa Type G ilikuwa na kitu kimoja cha maana sana, uzi ukikatika mashine inasimama yenyewe. Kwenye mashine isiyo na kitu hicho uzi ukikatika inaendelea kufuma tu kama hakuna kilichotokea, unakuja kushtuka una mzigo wa kitambaa chenye kasoro. Mwanae Kiichiro akaanzisha kampuni ya magari 1937, na lile wazo la baba likahamia kwenye magari, kwamba kasoro ikionekana kazi isimame hapohapo ilipoonekana, isisukumwe kwa mtu wa mbele. Baadaye injinia wa Toyota, Taiichi Ohno, na wenzake wakalijengea mfumo mzima wa uzalishaji, na ndani ya huo mfumo kuna kamba ya andoni. Kamba imepita juu ya laini ya kuunganisha magari, na mfanyakazi yeyote, hata yule wa chini kabisa anayefunga nati za tairi siku nzima, akiona kitu hakijakaa sawa anaivuta. Taa inawaka kwenye ubao, muziki unalia, kiongozi wa timu anakuja kwa haraka wanaangalia pamoja. Wakimaliza kabla gari halijafika mwisho wa kituo chake laini inaendelea, wasipomaliza laini inasimama, na dakika za laini kusimama ni hela nyingi.

Kamba yenyewe sio teknolojia ya ajabu, hata mimi naweza kuifunga. Kazi iko kwa yule kiongozi wa timu, anapofika anasema nini. Akifika na sura ya kuuliza nani kasababisha, kamba haitavutwa tena hiyo wiki. Akifika akauliza tatizo liko wapi, kamba itavutwa kila siku na magari yatatoka mazima. Huo ndo utamaduni wa kampuni kwa maelezo mafupi ninayoweza kuyatoa, kile kinachompata mtu wa chini pale anaposema ukweli unaochelewesha kazi.

Na ushahidi kwamba hili halitokani na damu ya Kijapani uko California. General Motors walikuwa na kiwanda Fremont ambacho kilikuwa na sifa mbaya kupita kiasi, watu wanakunywa kazini, siku yoyote ile zaidi ya asilimia 20 ya wafanyakazi hawajatokea, malalamiko kati ya chama cha wafanyakazi na menejimenti hayaishi, na sheria kubwa ya pale ilikuwa laini haisimami kwa sababu yoyote. Gari likipita na kifaa kisicho chake linaachwa lipite, huko nje uwanjani atalikuta mtu mwingine alirekebishe. Kiwanda kikafungwa 1982. Miaka miwili baadaye, 1984, Toyota na GM wakakifungua tena kwa ubia, wakakiita NUMMI, na wafanyakazi wengi waliorudishwa walikuwa ni walewale wa zamani, chama chao kilekile, jengo lilelile. Toyota walichofanya ni kuwachukua kwa makundi kuwapeleka Japani wakafanye kazi pembeni ya wenzao, wakaone mtu anavuta kamba na hakuna anayemtukana. Wakarudi, wakaanza kutoa Chevrolet Nova, na ndani ya muda mfupi ubora ukawa unalinganishwa na wa viwanda vya Japani, utoro ukashuka ukabaki asilimia chache tu.

Hapo ndo mimi huwa naishiwa maneno ya kuwajibu wale wanaosema Mbongo hawezi kufanya kazi bila fimbo. Watu walewale, kwa kweli, watu walewale waliokuwa wanaonekana mizigo. Kilichobadilika ni kinachowapata wanapofungua mdomo.

GM wenyewe walikuwa ndani ya kile kiwanda, waliona kila kitu kwa macho yao, na bado kuhamishia hiyo hali kwenye viwanda vyao vingine kuliwashinda kwa miaka mingi. Walijaribu Van Nuys, hukohuko California, haikushika, na Van Nuys ikafungwa 1992. Unaweza kupiga picha mashine, unaweza kununua kamba, lakini meneja aliyepandishwa cheo kwa kuhakikisha laini haisimami ukimwambia leo afurahie ikisimamishwa na kijana wa kidato cha nne, moyoni hawezi, anaona unamnyang'anya kazi yake.

Turudi Dar, kwenye gereji.

Gereji ya kwanza siitaji jina wala mtaa. Ilikuwa kubwa, ina lifti mbili, ina kijana wa mapokezi mwenye tisheti ya kampuni, na ukutani wamechora kwa rangi nyekundu MTEJA NI MFALME. Nilipeleka gari ibadilishwe breki pedi za mbele na bushi. Wakaniahidi saa sita, na saa sita kamili nikapewa gari, nikafurahi sana, nani asiyependa hivyo. Siku chache baadaye naelekea Kibaha nikaanza kusikia mlio upande wa kushoto mbele, kama chuma kinagonga kwenye rimu kila nikikanyaga breki. Nikasimama pembeni, nikamuomba fundi wa pale barabarani afungue tairi. Bolti moja ya kalipa ilikuwa imelegea imetoka karibu yote, uzi wake umeliwa, inazunguka bila kushika. Breki hizo jamani. Njia hiyo ni ya malori na mabasi tupu.

Niliporudi kwao nilimkuta yule kijana aliyeifunga, na tukiwa pembeni akaniambia ukweli kwa sauti ya chini, kwamba siku ile aliiona kabisa hiyo bolti imeliwa. Lakini pale ukisema bolti imeliwa swali la kwanza ni nani kaila, na mwenzake wiki iliyopita alisema akakatwa bei ya kifaa kwenye posho, halafu bosi alikuwa ameshaahidi magari manne saa sita. Kwa hiyo akaikaza ilivyokuwa, ikashika kidogo, akamuomba Mungu. Nilipompelekea bosi hilo suala, bosi akamuita kijana mbele ya wateja wote, akamfokea, akamwambia siku hiyo halipwi. Mimi nikapewa bolti mpya bure na samahani nyingi. Na mle ndani kulikuwa na vijana wengine sita au saba wanashuhudia, kila mmoja anajifunza somo lake, na somo lenyewe ni kwamba kitu ukikiona kifiche vizuri zaidi.

Huyo bosi sio mtu mbaya, niseme ukweli, na aliona kabisa kwamba anamtetea mteja. Lakini mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amejenga sehemu ambayo kila mtu analipwa kwa kuficha. Uharaka wake wote ulikuwa umekopwa, magari yanatoka saa sita na yanarudi wiki ijayo, na yakirudi yanahesabiwa kama kazi mpya.

Gereji ya pili ni banda la mabati chini ya mwembe, haina mapokezi, haina maandishi ukutani, mzee mwenye nayo anakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Siku ya kwanza kijana wa pale alikuwa anafungua taili rodi yangu, ikagoma, akaipiga, kipande kikakatika. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo naongea na simu. Yule kijana aliacha spana, akaja mpaka nilipo na kile kipande kwenye kiganja kimejaa grisi, akasema bosi hii imenikatikia mimi, ilikuwa na kutu lakini nilitakiwa niiloweke kwanza, tunaagiza nyingine, hiyo ni ya gereji. Mzee alikuwa anasikia. Alichouliza ni hivi, uliloweka kwa muda gani? Kijana akajibu sikuloweka mzee. Mzee akawaita wenzake wawili waliokuwa karibu, akawaonyesha kile kipande palipokatikia, akawaambia kutu ikifika hapa hata ukiloweka utumie moto, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Haikuchukua dakika tano. Hakuna aliyefokewa na hakuna aliyechekwa.

Wana daftari la kaunta, limechakaa, kila gari ina ukurasa. Wanaandika kilichoonekana hata kama hujaja kwa ajili hiyo, mfano yangu iliandikwa "koili ya silinda ya tatu inaanza, asibadilishe sasa", na kweli ilikuja kufa baadaye na nilikuwa nimeshajiandaa na hela. Jina linaloandikwa pembeni ni la aliyeliona tatizo. Nilimuuliza mzee kwa nini, akasema akitaka kujua nani kaharibu vijana hawataandika kitu chochote kwenye lile daftari, litabaki jeupe.

Sasa angalia hesabu. Ile ya kwanza bei iko chini kidogo na wanawahi. Hii ya mwembe wanachelewa, wakati mwingine unaambiwa rudi kesho kwa sababu kuna kitu hawajakielewa na wanamsubiri mtu anayekielewa. Lakini asubuhi ukipita pale utakuta foleni ya IST za Bolt, na hao madereva hawana muda wa kupoteza, gari ikilala siku moja hesabu ya tajiri iko palepale. Wao ndo wanajua gereji ipi gari ikitoka imetoka. Wamehamia kwenye banda la mabati wakaacha lifti mbili.

Hapa niweke jambo moja kwa wenye ofisi. Hii habari ya Kijapani kwetu sio ngeni hata kidogo. Hospitali zetu za serikali zina mpango wa 5S, hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, ulianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya 2007 kwa ushirikiano na Wajapani, wengi mmeona yale mabango, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Viwandani nako kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, imefundishwa. Ni vitu vizuri na mimi naviunga mkono, nimeona stoo iliyopangwa hivyo na mtu anatoa kitu bila kuhangaika. Ila hatua nne za kwanza mtu anaweza kuzifanya kwa amri, ukaguzi unakuja kesho haya fanyeni usafi. Hiyo ya tano ndo inahitaji mtu wa chini awe na sauti, maana kinachoshikiliwa ni kile ambacho watu wenyewe wanaweza kusema hapa hapafai tubadilishe. Toyota wamekuwa na mfumo wa kupokea mawazo ya wafanyakazi tangu 1951, na kinachoubeba ni kwamba mtu akitoa wazo anajibiwa. Sanduku la maoni ambalo halifunguliwi ni bora lisiwepo, linawafundisha watu kunyamaza.

Na ili mtu asidhani nawasifia Toyota kama malaika, tuje kwenye upande wa pili, na huu unawahusu sana wanaotaka kununua Passo na Rush. Hizo gari zina nembo ya Toyota lakini zinatengenezwa na Daihatsu, kampuni ambayo Toyota wanaimiliki kwa asilimia 100 tangu 2016. Desemba 2023 ilitoka ripoti ya kamati huru, ikaonyesha Daihatsu walikuwa wanachezea vipimo vya usalama. Matukio 174 ya udanganyifu, modeli 64 za magari zimeguswa, zikiwemo zinazouzwa kwa nembo za kampuni nyingine, na tukio la zamani kabisa ni la 1989. Mfano mmoja, eabegi kwenye majaribio ilikuwa inafyatuliwa kwa taima badala ya kusubiri kompyuta ya gari ihisi mgongano yenyewe. Daihatsu wakasimamisha kusafirisha magari yote, viwanda vya Japani vikafungwa kwa wiki kadhaa, na Machi 2024 rais wa kampuni akabadilishwa.

Sababu waliyoitoa kamati ndo iliyonifanya niwakumbuke wale vijana wa gereji ya kwanza. Kampuni ilikuwa imejipa ratiba ngumu mno za kutoa gari jipya, hasa baada ya kufanikiwa kutoa Mira e:s kwa muda mfupi sana 2011, ule uharaka ukageuka kuwa kawaida. Wapimaji wako mwisho wa mstari, wote waliowatangulia wameshachelewa, na tarehe ya kuuza imeshatangazwa, kwa hiyo kipimo lazima kipite mara ya kwanza. Wakubwa hawaendi chini kuona. Ukipeleka tatizo juu linarudi kwako mwenyewe. Mtu wa hivyo atafanya nini? Atakaza bolti iliyoliwa. Lawama kamati iliiweka kwa uongozi, na mimi nakubaliana nao kabisa, kwa sababu wapimaji walibadilika kwa zaidi ya miaka 30, wengine wamestaafu wakaja wapya, tabia ikabaki ileile. Ukiona watu wanabadilika na kosa halibadiliki acha kutafuta mtu.

Toyota wenyewe nao yaliwakuta. Walipita GM wakawa wa kwanza duniani kwa mauzo 2008, na mwaka uliofuata likaja lile sakata la magari kuongeza mwendo yenyewe Marekani, mazulia yananasa pedali, pedali nyingine zinagoma kurudi, wakaita mamilioni ya magari. Februari 2010 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro, akakaa mbele ya Bunge la Marekani akakiri kwamba kampuni ilikua haraka kuliko uwezo wake wa kulea watu na mfumo. Mwaka 2014 wakakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu walikuwa wamewapotosha wateja kuhusu ukubwa wa tatizo. Na Juni 2024 wakasimamisha kwa muda Fielder, Axio na Yaris Cross kwa sababu ya kasoro kwenye taratibu za vipimo vya serikali. Kwa hiyo kampuni iliyobuni kamba nayo inaweza kusahau kuivuta, hasa ikianza kukimbizana na namba. Utamaduni hauwekwi mara moja ukakaa, ukiacha kuulea miaka michache tu unakuta watu wameshajifunza kunyamaza, na kunyamaza kunafundishika haraka sana.

Je, Passo usinunue? Sijasema hivyo. Gari ndogo, mafuta kidogo, kwa mizunguko ya mjini inatosha, na Toyota walisema hawakuwa na taarifa ya ajali iliyotokana na hayo mambo. Mimi kwa familia yangu nikiwa na hela ileile nachukua IST, huo ndo uamuzi wangu, na sababu mojawapo ni hiyo ripoti.

Kwa anayenunua sasa. Za kuagiza Japani piga hesabu ya ushuru pamoja na ile tozo ya uchakavu kabla hujalipa chochote, maana old model zote zimeshazeeka na tozo inauma, wengi wanaona bora wachukue iliyopo tayari nchini, namba D iliyotunzwa. Ndugu zetu wa Kenya hii old model hamuwezi kuiagiza tena, sheria yenu ya miaka 8 imeshaipita. Tafuta 1500, chesesi NCP61, ile NCP65 ni fowili, ina uzito na vitu vya ziada vya kuharibika, kama hukai kwenye utelezi achana nayo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike, isikilize cheni sekunde za kwanza, angalia moshi wa bluu nyuma. Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, angalia pedali na usukani vimeliwa kiasi gani.

Kuhusu gereji, fika bila gari kwanza, kaa pale nusu saa ununue hata soda. Subiri kitu kiharibike, na kitaharibika tu, spana itateleza, oili itamwagika, kijana atavunja klipu ya plastiki. Angalia yule kijana anaangalia wapi baada ya hapo. Akiangalia kile kifaa, leta gari lako. Akiangalia mlango wa ofisi ya bosi, maliza soda uondoke.

Mimi IST naipa 8 kwa 10. Mbili nimezitoa kwa ajili ya Kitonga na buti.